Mashahidi Watatu, Kalamu Moja

Baba yangu alisahihisha gazeti la Kiingereza tangu sijazaliwa mpaka walipomstaafisha, na baada ya hapo akaendelea kuisahihisha dunia bure. Alisahihisha bahasha. Alisahihisha maelezo ya dawa kwenye chupa. Tangazo la kukatika kwa maji likibandikwa ukutani, sisi tukihangaika na ndoo, yeye alibaki pale na kalamu nyekundu akitia mkato panapostahili. Mtaani walimwita Mzee Koma. Watoto wakikosana walitishana kwamba watashtakiana kwake awatie wino. Naye alicheka, maana jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Ninampenda Baba. Naanza na hilo kwa sababu nitakayoyasema yanaweza kufikiriwa vinginevyo.

Mimi Kiingereza chake kilinishinda. Ni msusi, kazi yangu ni kuvuta nywele za watu na kumeza maneno yao. Aliyekaa naye mezani kila jioni alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba yetu, ambaye tuliendelea kumwita Kitinda hata alipokuwa na mtoto wake mwenyewe. Kabla hajajua kufunga kamba za viatu alijua kwamba "lose" ni kupoteza na "loose" ni kulegea, na kwamba anayechanganya maneno hayo mawili hafai kukabidhiwa kitu cha thamani. Baba alimwandaa awe mhariri. Maisha yakamwandaa apige pasi.

Kiwanda alichofanyia kazi kilifua mashuka ya hoteli na hospitali. Mbele kulikuwa na mashine za kufulia, nyuma chumba cha pasi, na kati yake ujia mwembamba wenye boksi la umeme ukutani. Chumba cha pasi kilikuwa na mlango wa kutokea uani. Mlango huo msimamizi aliutia kufuli kila asubuhi, eti mashuka yanaibwa. Siku moto ulipotokea, wa mbele walitoka. Wa nyuma, Kitinda na wenzake wawili, hawakutoka.

Sitaeleza tulivyomtambua.

Kabla hatujamaliza kupokea pole, kiwanda kilishatoa taarifa. Moto, walisema, ulianzia chumba cha pasi, na mfanyakazi mmoja aliacha pasi ikiwaka juu ya kitambaa. Siku ya kwanza hawakumtaja jina. Siku ya pili wakamtaja. Kitinda alikuwa kiongozi wa chumba kile, kwa hiyo pasi zote zilikuwa zake, moto ukawa wake, na maiti wawili wakawa wake. Ndugu wa wale marehemu wengine, watu tuliolia nao kwenye ukumbi mmoja wa hospitali, wakaacha kutusalimia. Mama wa mmoja wao alikuwa mteja wangu wa miaka. Alihamia kwa msusi mwingine, na siku tuliyokutana njiani alivuka barabara asinipite karibu. Kisha mtoto wa Kitinda akarudi kutoka shule akasimama mlangoni na mkoba wake mgongoni.

"Mama mkubwa," akaniuliza, "ni kweli Mama alichoma watu?"

Nilimwambia si kweli. Lakini neno langu ni neno la msusi. Serikali ilikuwa imeunda tume ya kuchunguza moto ule, na nilijua kwamba tume ikisema ni kweli, basi itakuwa kweli mpaka mtoto yule azeeke. Hatukutaka kitu kingine kwenye tume. Tulitaka jina la Kitinda litoke safi.

Na mashahidi walikuwepo. Mama Pacha, Mrefu, ambaye waliomwita hivyo walikuwa wakimtania maana hafiki dirishani, na msichana mmoja aliyezoea kuimba juu ya kelele za mashine, jina lake la kazini Redio. Wote watatu walikuwa mbele siku ile. Wote waliona boksi la umeme likitoa cheche kabla chumba cha pasi hakijatoa hata uzi wa moshi. Walikuwa tayari kusema. Walikuwa wamefukuzwa kazi tayari, hawakuwa na cha kuogopa.

Shida ilikuwa masharti. Tume ilitaka maelezo ya maandishi, kwa Kiingereza, yapelekwe mapema. Siku ya kusikilizwa shahidi angeulizwa juu ya alichoandika, na hangeruhusiwa kuongeza ambalo hakuliandika. Asiyeweza Kiingereza angeandikiwa na mkalimani aliyetolewa na kiwanda.

"Mkalimani wa kiwanda!" alisema Mama Pacha. "Si bora nimpe fisi anilindie bucha."

Ndipo Baba akafufuka. Tangu mazishi alikuwa akikaa kwenye kiti chake kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Haongei, hanyoi ndevu, magazeti yanapita bila doa la wino. Niliposoma masharti yale kwa sauti, aliinuka, akaenda kuoga, akarudi amevaa shati la kazini lenye mfuko wa kalamu.

"Waite," akasema.

Waliketi mezani kwetu mchana wa Jumapili, kila mmoja na karatasi yake. Walikuwa wamejaribu wenyewe kwanza, kwa Kiingereza cha shule ya msingi na cha lebo za sabuni. Baba alianza na ya Mama Pacha. Alivaa miwani, akasoma, na nikaona uso wake ukipata uhai ambao sikuuona tangu tumpoteze Kitinda.

"Hapa umeandika moto 'is start'. Gari linaweza kufanya hivyo. Moto una neno lake: 'broke out'."

"Haya, Mzee."

"Na hii 'see'. Uliona kwa bahati, au ulikuwa ukitazama?"

"Niliona, Mzee. Macho si ninayo?"

"Kuna 'saw', kuna 'noticed', kuna 'observed'. Hayo si mapacha kama wa kwako. Ni majirani tu, kila mmoja na mlango wake."

"Wewe tia lile lenye nguvu."

Akatia "observed". Kisha akageuza karatasi, akashika kichwa.

"Mama Pacha, mistari minane hii haina hata nukta moja. Mtu anayesoma atapumua wapi?"

"Mzee, mimi mwenyewe sikupumua. Nilikuwa nakimbia."

Tulicheka wote, hata Baba. Kisha akaikata ile mistari minane vipande vipande, akaweka nukta, akaweka mikato, na katikati akaweka ile alama yake aliyoipenda kuliko zote, nukta iliyokaa juu ya mkato. Aliiita nukta-mkato, na alisema inatenga mambo mawili bila kuyaachanisha, na kwamba waandishi wengi wa siku hizi wanaiogopa bure. Sentensi za Mama Pacha zikasimama wima. Hazikukimbia tena.

Akahamia kwa Mrefu, akahamia kwa Redio. Aliwauliza maswali kama daktari. Moshi ulikuwa mweusi au mzito? Cheche au ndimi za moto? Mlango ulikuwa "closed", au "shut", au "locked"? Maana kwa Kiswahili sote tunasema umefungwa na maisha yanaendelea, lakini kwa Kiingereza, alisema, kufuli lazima litamkwe. Hakuongeza jambo ambalo hawakuliona. Naapa juu ya hilo, nilikuwepo na birika la chai mkononi. Kila neno aliwauliza kwanza, nao wakaitikia kwa kichwa, ingawa nusu ya maneno yenyewe walikuwa wakiyasikia kwa mara ya kwanza.

Baba alikuwa na msemo wake wa gazetini, tuliusikia mpaka tukauota: gazeti lina waandishi wengi, lakini msomaji asikie sauti moja. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote. Anapewa habari ya mtu wa michezo, ya mtu wa bei za mazao, ya mtu wa mahakamani, na anazipiga randa mpaka zinalingana. Alilipwa kwa hilo na akasifiwa kwa hilo. Mchana ule alifanya kazi bora kuliko alizowahi kufanya.

Alipomaliza aliwasomea, kisha akawaeleza kwa Kiswahili alichosoma. Redio alianza kulia.

"Kumbe niliona vizuri hivi," akasema.

"Penye wengi hapaharibiki neno," akasema Mrefu, akakunja karatasi yake kwa heshima kama cheti.

Alibaki shahidi mmoja. Huyu aliitwa Mama Sabuni, mfagizi wa kiwanda, na ndiye pekee aliyekuwa uani siku ile, nyuma ya matangi ya maji, karibu na ule mlango wenye kufuli. Baba alimtaka sana. Lakini Mama Sabuni na Baba hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Binti yake alipoolewa alituletea kadi ya mwaliko, imeandikwa Kiingereza kwa maandishi ya dhahabu. Baba alikwenda harusini na kadi ile imejaa wino mwekundu, akamkabidhi mama wa bibi harusi mbele ya wageni, kwa nia njema kabisa. "Itawafaa kwa binti wa pili," alimwambia. Tangu siku ile salamu zao zilikuwa za kukohoa.

Nilitumwa mimi nikambembeleze. Nilimkuta akichambua mchele uani kwake, hakuinua macho.

"Kamwambie baba yako mimi siyo kadi," alisema. "Nitaandika mwenyewe. Mungu anasoma hata mwandiko mbaya."

"Mama, tume siyo Mungu."

"Basi hao hasara yao."

Sikio la kufa halisikii dawa. Niliondoka nikiwa nimekasirika, na Baba alipouliza nilimjibu kwa mkato kwamba amekataa. Tukapeleka karatasi zetu tatu, na yeye akapeleka yake.

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa kukodi wenye feni zilizokuwa zikizunguka bila kuleta hewa. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya kuchoka. Wakili wa kiwanda alikuwa kijana mpole, mpole kiasi cha kumtilia shaka. Ndugu wa wale marehemu wawili walikaa upande wa pili, wametugeuzia mabega. Baba alikaa kando yangu na suti yake ya kustaafia, magoti yamebanana, kama mtoto anayesubiri matokeo.

Mama Pacha aliitwa kwanza. Akaapa. Akaketi. Wakili akamwuliza swali kwa Kiingereza, polepole, na Mama Pacha akageuka kwa mkalimani.

"Samahani," wakili akasema, na mkalimani akawa anatafsiri. "Shahidi anahitaji mkalimani?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Maelezo haya ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Umeandika mwenyewe?"

Hapo ndipo palipoharibika. Angesema alisaidiwa, pengine tungepona. Lakini alimtazama Baba upande wetu, akaona suti, akaona ndevu zilizonyolewa, na nadhani alifikiri kumtaja ni kumchongea. Wote watatu walikuwa wameapishana hivyo njiani, bila kutuambia: wasimtaje Mzee.

"Mwenyewe," akasema.

"Vizuri sana. Ni Kiingereza kizuri, nakupongeza. Hapa mstari wa tatu umetumia neno 'consequently'. Tafadhali iambie tume maana yake."

Mama Pacha aliitazama karatasi. Niliona midomo yake ikilitafuta lile neno. Watu walianza kusogeza viti.

"Nimesahau," akasema.

"Umesahau. Na alama hii hapa, nukta juu ya mkato. Inaitwaje? Uliiweka kwa nini?"

"Ni... ya kupumzikia."

Kuna waliocheka. Mama yule aliona cheche kwa macho yake, alikimbia akiwa amemshika Redio kwa nguo, na sasa alikuwa akifedheheshwa mbele za watu kwa sababu ya alama isiyozidi ukubwa wa mavi ya nzi. Wakili hakucheka. Aliweka karatasi tatu mezani kwa mwenyekiti, bega kwa bega, akasoma sentensi ya kwanza ya kila moja. Hazikuwa sawa neno kwa neno. Afadhali zingekuwa sawa. Zilikuwa na mwendo mmoja, pumzi moja, mahali pamoja pa kusimama. Wote watatu "observed". Wote watatu moto wao "broke out". Hata mimi nisiyejua kitu nilimsikia Baba mle ndani, anasema kwa midomo ya wanawake watatu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," wakili akasema, "hawa si mashahidi watatu. Ni mwandishi mmoja."

Nilimshika Baba mkono wa koti, nikachelewa. Alishasimama.

"Ni mimi niliyesahihisha," akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka, na ukumbi wote ukageuka. "Sikuongeza kitu. Nilichagua maneno tu."

"Wewe ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Msahihishaji."

"Una uhusiano gani na shauri hili?"

Baba alifunga kifungo cha koti lake.

"Mmoja wa marehemu ni mwanangu."

"Yupi?"

Akamtaja Kitinda kwa jina lake kamili. Wakili aliketi taratibu, akafunga kalamu yake, akasema hana swali zaidi kwa shahidi huyu wala kwa wale wawili waliobaki. Hakuhitaji. Mwenyekiti alivua miwani, akamtazama Baba kwa muda, na nilichokiona usoni mwake kilikuwa huruma, jambo lililonikata maini kuliko kama angemfokea.

"Hilo ndilo tatizo, Mzee," akasema. "Keti."

Mrefu alilia nje koridoni akisema si yeye aliyefundishwa, macho yake hayakufundishwa na mtu. Mlinzi akamwambia apunguze sauti.

Mama Sabuni aliitwa wa mwisho. Karatasi yake ilisomwa yote na haikuchukua muda. Naikumbuka kama ilivyo, maana ilikuwa Kiingereza cha kwanza maishani mwangu nilichokielewa chote. "I wash bucket behind tank. I hear knock. They say open open. I run to gate for key. Guard he has no key. I come back. They not knock."

Hakuna aliyecheka. Wakili alitazama karatasi zake akasema hana swali. Mwenyekiti akamwuliza kama ni hayo tu.

"Niliyoandika ni hayo tu," Mama Sabuni akasema. Akabaki amesimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu dukani, kisha akashuka.

Ripoti ilitoka baada ya miezi. Tulipewa nakala yetu na karani ambaye hakuinua kichwa. Baba aliisoma mezani, kidole kikifuata mistari, nami nikakaa mbele yake nikimsoma uso. Kuhusu mlango, tume ilimwamini Mama Sabuni: ulikuwa na kufuli, na msimamizi akapewa onyo. Kuhusu chanzo cha moto, maelezo ya mashahidi watatu yaliandaliwa na mzazi wa mhusika na hayakupewa uzito wowote. Kwa hiyo yalibaki maelezo ya kiwanda. Moto ulitokana na uzembe wa kiongozi wa chumba cha pasi. Na jina lake limeandikwa lote.

"Ndivyo ilivyoandikwa?" nikauliza.

"Ndivyo."

"Hakuna pa kukata rufaa?"

"Hakuna."

Nilikuwa nimejizuia miezi yote ile. Sikujizuia tena.

"Ungewaacha waseme wenyewe, Baba! Ungewaacha!"

"Yalikuwa na makosa."

"Na wao ni watu wa makosa! Waliona na makosa yao, wakakimbia na makosa yao, wakaja hapa na makosa yao. Uliwatoa makosa ukawatoa na wao!"

Alikunja ripoti, akaikunjua, akarudi kwenye ukurasa wa Mama Sabuni, ambako tume ilikuwa imenukuu karatasi yake bila kugusa kitu. Akaweka kidole kwenye sentensi ya mwisho. Nilidhani atachukua kalamu, na kama angeichukua ningeivunja. Lakini aliuliza tu, "Alisikia nini kingine?"

"Aliandika alichosikia."

"Hakuna mtu anayeandika chote alichosikia. Nipeleke."

Ilikuwa mchana, jua kali. Nilimshika mkono njia nzima, na alikuwa mwepesi kwa namna iliyonitisha. Mama Sabuni alitufungulia, akamtazama Baba, akatuwekea viti bila kusema karibu. Binti yake, yule wa harusi, alituletea maji. Baba hakunywa. Hakuzunguka mbuyu pia.

"Mwanangu ulimsikia?" akauliza.

"Nilimsikia."

"Akibisha?"

"Akibisha, na akisema." Mama Sabuni alifuta mikono kwenye kanga yake ingawa ilikuwa mikavu. "Yule msimamizi alikuwa upande wa mbele anapiga kelele, chomoeni pasi, chomoeni pasi. Mwanao akamjibu kwa sauti kubwa. Akasema, nimeshachomoa zote, moto uko kwenye boksi, njoo ufungue mlango. Alisema hivyo mara nyingi. Nimeshachomoa zote. Sauti yake naijua, ndiye aliyekuwa akinisalimia kila asubuhi."

Nilisogeza kiti changu karibu naye.

"Mama," nikasema, "hilo hukuliandika."

"Sikuliandika."

"Kwa nini? Mama, kwa nini?"

"Kwa sababu kuchomoa kwa Kiingereza sikukujua!" Alisema kwa hasira, na mara machozi yakamtoka. "Niliandika 'pull'. Nikaona hapana, kuvuta siyo kuchomoa, watadhani alivuta pasi ikaanguka ikawasha moto. Nikafuta. Huyu binti akaniambia andika 'remove'. Nikasema hiyo ni kuondoa, watasema aliiba pasi. Nikafuta. Nikasema basi niandike alizima, 'off'. Lakini zile pasi swichi zake zilikufa zamani, hazizimiki, ni za kuchomoa tu, kila mtu kiwandani anajua. Yule wakili angeniuliza alizima vipi kitu kisichozimika, nami nimeapa. Na bila hilo la pasi, lile la boksi nitalibandika wapi, na alisema yote kwa pumzi moja? Nikaona bora niandike ninayoyaweza, nisije nikamwongezea marehemu balaa. Nikafuta yote ya kuanzia pale aliposema."

"Siku ile ukumbini..." nikaanza.

"Siku ile walisema hakuna kuongeza."

Nilitaka kumpiga mtu. Sijui kati yao ningempiga yupi, mmoja na kalamu yake, mwingine na kiburi chake, wote wawili wakiogopa neno lisilo sahihi zaidi ya walivyoogopa kitu kingine chochote. Na Kitinda ndani ya moto alisema Kiswahili chepesi ambacho hata mtoto angekielewa.

Mama Sabuni alimgeukia Baba. Tangu tuingie hakuwa amemtazama machoni.

"Neno lenyewe ni lipi, Mzee?"

Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

"'Unplugged'," akasema.

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Mama Sabuni alilirudia kwa sauti ya chini, akalirudia tena. Binti yake akaja kuchukua bilauri za maji zilizojaa.

Jioni nilimweleza mtoto. Nilimketisha katikati ya magoti yangu kama ninavyomketisha nikimsuka, nikamwambia mama yake alichomoa pasi zote, alisema kwa sauti kubwa, na kuna mtu alimsikia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kugeuka.

"Ile tume nayo inajua?" akaniuliza.

Nikamwambia haijui.

"Kwa hiyo shuleni wataendelea kusema."

"Wataendelea, mama," nikamwambia, nikaendelea kumsuka.